Tusisubiri msiba: jinsi ya kujitolea kumsaidia mgonjwa wa tiba shufaa na familia yake



Msiba unapotokea kijijini kwetu, hakuna anayehitaji kuitwa mara mbili. Kabla jua halijazama kuni zimefika, maji yamechotwa, masufuria yameazimwa, vijana wamepangana zamu ya kuchimba kaburi, na kuna mtu amekaa mezani na daftari la michango. Kazi hiyo tunaijua vizuri.

Sasa turudi nyuma miezi mitatu. Mtu huyohuyo alikuwa amelala ndani, anaumwa. Binti yake alikesha naye usiku hadi usiku. Shamba la viazi halikupaliliwa. Mjukuu wa darasa la sita alianza kukosa shule ili abaki na bibi mchana. Majirani walipita mara moja wakatoa pole, kisha wakaacha kuja. Hawakuwa na roho mbaya. Hawakujua waseme nini wala wafanye nini.

Makala haya yanahusu hiyo miezi mitatu. Tunaeleza tiba shufaa ni nini, mtu wa kawaida asiyesomea udaktari anaweza kusaidia vipi, mipaka yake iko wapi, na jinsi watu wachache wa kijiji kimoja wanavyoweza kuanza. Yahifadhi kwenye simu yako, na umsomee jirani ambaye hana simu.

Tiba shufaa ni nini?

Tiba shufaa ni huduma kwa mtu mwenye ugonjwa mkubwa unaotishia maisha yake, pamoja na familia yake. Lengo lake ni kupunguza maumivu na mateso mengine ili mgonjwa aishi vizuri kadiri inavyowezekana kwa muda alio nao. Neno shufaa lina maana ya kumwombea au kumsemea mtu mwingine. Hilo linafaa kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kumsemea mtu ambaye nguvu za kujisemea zimepungua.

Wengi wakisikia jina hili hudhani maana yake ni kwamba madaktari wamekata tamaa. Sivyo. Mgonjwa anaweza kupata tiba shufaa huku akiendelea na matibabu mengine, kama vile mionzi ya saratani au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Na pale ambapo dawa ya kuponya haipo tena, bado kuna mengi ya kufanya. Maumivu yanatibika. Kichefuchefu kinatibika. Kidonda kinachonuka kinaweza kusafishwa na harufu ikapungua. Hofu hupungua mtu akipata wa kuzungumza naye.

Wanaoihitaji si wagonjwa wa saratani peke yao. Wamo wenye UKIMWI uliofikia hatua mbaya, moyo ulioshindwa kufanya kazi, figo zilizoharibika, kiharusi, na wazee waliodhoofika sana. Wamo pia watoto wenye magonjwa makubwa ya kuzaliwa nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 56.8 duniani wanahitaji huduma hii, na ni takriban asilimia 14 tu wanaoipata.

Ilianzia wapi?

Huduma hii kwa sura yake ya sasa inahusishwa sana na Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akawa afisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa yana sehemu nne: mwili, mawazo, mahusiano na watu, na roho. Ukitibu mwili pekee, unaacha mengine matatu.

Barani Afrika hospisi ya kwanza ilianzishwa Zimbabwe mwaka 1979. Nairobi ilipata yake mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akaeneza matumizi ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali ambayo mgonjwa anaweza kuinywa akiwa nyumbani kwake.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam imekuwa na huduma hii kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani, na baadaye Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likaipeleka huduma hiyo katika hospitali zake nyingine. Mpango huo haukutegemea wauguzi peke yao. Uliwategemea watu wa kujitolea kutoka sharikani, waliokaa karibu na mgonjwa na kumtembelea siku ambazo muuguzi hakuweza kufika.

Jimbo la Kerala, kusini mwa India, limekwenda mbali zaidi. Huko wanavijiji wenyewe huunda vikundi, huchangishana fedha kidogo kidogo kila mwezi, na huwatembelea wagonjwa wa eneo lao wakishirikiana na wauguzi na madaktari. Utaratibu huo hautofautiani sana na michango yetu ya misiba. Tofauti ni kwamba wao huchanga mgonjwa akiwa hai.

Kwa nini jambo hili linatuhusu Njombe?

Mkoa wetu umeuguza sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima mkoani Njombe ni asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Wenye umri mkubwa wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Wakati ule walikuwepo watu wa kujitolea waliokwenda nyumba kwa nyumba, wakaosha, wakalisha, wakazika. Ujuzi huo haujapotea. Wengi wao bado tuko nao vijijini.

Leo dawa zinafanya kazi, na watu wenye virusi wanaishi miaka mingi wakilima na kulea. Lakini watu wanapoishi zaidi, magonjwa mengine nayo yanaonekana zaidi: saratani, kiharusi, kisukari, moyo. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wanawake wenye virusi vya UKIMWI wako katika hatari kubwa zaidi ya kuipata. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wakishahudumiwa Ocean Road au Mbeya, hurudi nyumbani. Kutoka hapo mzigo unabaki kwa familia.

Kazi ya mtu wa kujitolea

Mtu wa kujitolea hachukui nafasi ya muuguzi, na hachukui nafasi ya familia. Anasimama katikati, akifanya mambo ambayo muuguzi hana muda nayo na familia imeishiwa nguvu ya kuyafanya.

Kazi ya kwanza ni kuipumzisha familia. Kukaa na mgonjwa saa nne ili mwangalizi alale, aoge, aende sokoni au ibadani ni msaada mkubwa kuliko maneno mengi ya kufariji.

Kazi ya pili ni zile za nyumbani na shambani. Chota maji, pasua kuni, fua mashuka. Palilia robo eka ya mahindi. Hakikisha watoto wameenda shule wakiwa wamekula. Hapa wanaume wanahitajika sana. Si kweli kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake. Mzee wa kiume mara nyingi atajisikia vizuri zaidi akiogeshwa na mwanamume mwenzake.

Kazi ya tatu ni kuwa kiungo na zahanati. Mtu wa kujitolea huona mabadiliko mapema na kumpigia simu mhudumu wa afya. Hukumbusha tarehe ya kliniki, husaidia kutafuta usafiri, na huandika maswali ya familia ili yasisahaulike mbele ya daktari.

Kazi ya nne ni kusikiliza. Inaonekana nyepesi, ila ndiyo inayowashinda wengi.

Ziara ya kwanza

Usiende kabla ya mgonjwa na familia kukubali. Mtu wanayemwamini, kwa mfano mhudumu wa afya, mzee wa kanisa au balozi, aulize kwanza kama wangependa kutembelewa. Wakikataa, heshimu uamuzi wao, ila waache wakijua mlango uko wazi.

Ukifika, usianze na ushauri. Tutoe mfano wa mazungumzo kati ya mama mmoja wa kujitolea na binti anayemuuguza mama yake:

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Ni hivyohivyo. Mama hakulala."

"Poleni sana. Na wewe ulilala?"

"Nitalala saa ngapi? Nikifumba macho kidogo, ananiita."

"Basi leo mimi nipo hapa mpaka saa nane. Nionyeshe dawa zake ziko wapi na anakunywa saa ngapi. Halafu nenda ukalale."

Swali muhimu hapo ni "Na wewe ulilala?" Karibu kila anayeingia nyumba ya mgonjwa humuuliza mwangalizi habari za mgonjwa. Ni wachache wanaomuuliza habari zake mwenyewe. Angalia pia kwamba msaada ulitajwa kwa jina na kwa saa. Ukisema "mkihitaji chochote mniambie", familia haitakuambia. Itaona haya.

Kwa mgonjwa mwenyewe, msalimie kama ulivyozoea kumsalimia alipokuwa mzima. Kaa chini, macho yenu yawe usawa mmoja. Muulize nini kinamsumbua zaidi leo, kisha nyamaza usikie. Jibu linaweza kukushangaza. Mwingine hasumbuliwi na kidonda, anasumbuliwa na deni la mbolea.

Maumivu: usikubali yaitwe kawaida

Watu wetu wamelelewa kuvumilia. Mgonjwa atasema "naendelea vizuri" huku amekunja uso na kushika shuka. Mtu wa kujitolea ajifunze kuuliza kwa njia ya mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Mwombe mgonjwa aonyeshe, kisha andika kwenye daftari tarehe, saa na idadi ya vidole. Daftari hilo litamsaidia sana muuguzi kujua kama dawa inatosha.

Kwa maumivu makali daktari anaweza kuandika mofini ya kunywa. Dawa hii inadhibitiwa na sheria, haiuzwi kiholela, na huandikwa na mtaalamu aliyeruhusiwa. Kuna hofu nyingi juu yake, kwa hiyo tuziweke sawa.

Watu husema mofini inamuua mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo sahihi na kupandishwa taratibu, haiharakishi kifo, inaondoa maumivu. Husema pia kwamba atakuwa teja. Mgonjwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu, akifuatiliwa na mtaalamu, ni nadra kuwa mraibu. Wengine husema inywewe maumivu yakizidi tu. Kwa maumivu ya kudumu, mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Mgonjwa anaweza kusinzia siku za mwanzo, kisha hali hiyo hupungua. Kukosa choo ni tatizo la kawaida kwa anayeitumia, kwa hiyo muulize muuguzi kuhusu dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Chupa ikae mahali pa juu palipofungwa, mbali na watoto. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe ilikotoka. Isigawiwe kwa mgonjwa mwingine hata kama naye anaumwa.

Kumhudumia aliyelala kitandani

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa. Vaa glovu unaposhika damu, kidonda au uchafu wa mgonjwa, ziombe zahanati.

Mgeuze mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili: kulia, chali, kushoto. Mnyanyue, usimburuze juu ya shuka, kwa sababu ngozi iliyolegea huchubuka haraka. Angalia kila siku kiunoni, visigino, viwiko na nyuma ya kichwa. Ngozi iliyobadilika rangi au kuwa ngumu ni mwanzo wa kidonda. Nguo iliyokunjwa au mto chini ya miguu husaidia visigino visiguse godoro.

Safisha mdomo asubuhi, jioni na baada ya kula, kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Ukiona utando mweupe mdomoni, mwambie muuguzi. Mara nyingi ni fangasi na una dawa.

Chakula kiwe kidogo kidogo: uji mwepesi, parachichi lililopondwa, mchuzi wa viazi. Usimlazimishe. Mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na mgonjwa hafi kwa sababu familia imemnyima. Kumlisha kwa nguvu kunaweza kumpalia. Mkalishe au mwinue kichwa kabla ya kumpa chochote. Ulanzi na pombe nyingine visichanganywe na dawa.

Na sasa neno la pekee kwa sisi wa nyanda za juu. Baridi ya Juni hadi Agosti inamuumiza sana mgonjwa, na familia huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Usiruhusu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo inaweza kuua mgonjwa na waangalizi wake wakiwa usingizini. Tumia blanketi zaidi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa ili isimuunguze.

Kama mgonjwa au mtu mwingine wa nyumba hiyo amekohoa kwa wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu. Dirisha lifunguliwe mchana ili hewa ipite.

Mambo ambayo hutakiwi kufanya

Usibadilishe kipimo cha dawa wala kumwachisha mgonjwa dawa, zikiwemo za kufubaza virusi. Usichome sindano. Usiuze wala kupeleka mitishamba. Familia ikiwa inatumia mitishamba, usiwakaripie; waombe wamweleze muuguzi, kwa sababu nyingine hupingana na dawa za hospitali.

Usitoe ahadi ya uponyaji. Usitumie udhaifu wa mgonjwa kumbadilisha dhehebu au dini. Mkiristo aitiwe mchungaji au padri wake, Mwislamu aitiwe shehe wake, ikiwa mwenyewe anataka.

Usipokee malipo wala zawadi kubwa, na usiwe shahidi katika wosia unaokupa kitu.

Na usitoe siri. Ulichokiona chumbani kibaki chumbani. Usikiseme kisimani, kwenye kwaya, wala katika maombi ya hadharani ya kumtaja mtu na ugonjwa wake. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mtu mwenye virusi. Hata bila sheria, siri ikitoka mara moja, hakuna nyumba nyingine itakayokufungulia mlango.

Lini upige simu bila kusubiri?

Mpigie mhudumu wa afya mara moja ukiona mojawapo ya haya: maumivu makali ya ghafla au ambayo dawa haiyagusi, kupumua kwa shida, damu nyingi kutoka popote, degedege, homa kali, kuchanganyikiwa kwa ghafla, kutapika kiasi cha kushindwa kumeza dawa, au mkojo kuziba. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu yake imeanza kulegea anahitaji hospitali siku hiyohiyo, maana akicheleweshwa anaweza kupooza moja kwa moja.

Weka namba ya mhudumu wa zahanati yako kwenye simu na uibandike ukutani kwa mgonjwa. Wizara ya Afya pia ina namba ya bure, 199, kwa maswali ya afya.

Mazungumzo magumu

Siku moja mgonjwa atakuuliza, "Hivi nitapona?" Usikimbilie kusema "utapona tu". Unaweza kumjibu kwa swali la upole: "Wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Mara nyingi anajua tayari, na anatafuta mtu ambaye hatamkatiza. Kutoa taarifa za ugonjwa ni kazi ya daktari. Kazi yako ni kutomwacha peke yake na swali hilo.

Wengi hubeba mambo ya hapa duniani: shamba, miti, madeni, watoto watalelewa na nani. Msaidie kuyasema mapema akiwa na akili timamu. Wosia unaweza kuandikwa kwa msaada wa mtu wa msaada wa kisheria, na RITA hupokea wosia na kuuhifadhi. Mjane na watoto wanaweza kupoteza ardhi kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hili mgonjwa akiwa hai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno wanayoyaelewa. Mtoto anayefichwa huona kila kitu, na mara nyingi hudhani yeye ndiye aliyesababisha.

Siku za mwisho na baada yake

Mwisho unapokaribia, mgonjwa hulala muda mrefu, miguu na mikono hupoa, pumzi hukatika na kurudi, na koo linaweza kukoroma. Waeleze ndugu kuwa haya ni ya kawaida. Mlaze kiubavu, loweka midomo yake, zungumza naye kwa sauti ya chini. Inawezekana bado anasikia. Aliyekuwa na ugomvi naye aje sasa.

Kisha kijiji kitakuja, kama kilivyozoea. Wewe rudi baada ya matanga kuanuliwa. Wiki ya pili, nyumba ikiwa kimya, ndiyo ngumu kwa yule aliyeuguza. Mtembelee tena baada ya mwezi, na siku ya arobaini. Asiyekula, asiyelala au anayesema hataki kuishi apelekwe kituo cha afya.

Nawe ujitunze. Tembeleeni wawiliwawili, kutaneni kila mwezi mzungumze bila kutaja siri, na pumzika baada ya kufiwa na mgonjwa uliyemzoea. Kulia si udhaifu.

Jinsi ya kuanza

Watu watano wanatosha. Anzeni kwa kumwona mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili mjulikane na mpate mtu wa kumpigia simu. Mwoneni pia mtendaji wa kijiji, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao nchi nzima, lengo likiwa zaidi ya 137,000. Huyo ni mwenzenu wa karibu, msishindane naye.

Ombeni mafunzo kupitia zahanati hiyo. Ulizeni kama hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya kanisa iliyo karibu nanyi ina mtaalamu wa tiba shufaa wa kuwafundisha. Chagueni wagonjwa wawili au watatu tu kwa kuanzia. Pangeni zamu na mziandike. Anzisheni mfuko mdogo kama mnavyofanya kwenye vikoba, wa kulipia nauli ya bodaboda kwenda hospitali, sabuni na glovu, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Hayo yote tunayaweza. Daftari tunalo, zamu tunazijua, kuchangishana tumezoea. Kinachotakiwa ni kulifungua daftari hilo mapema, wakati jina linaloandikwa juu yake ni la mtu ambaye bado anaweza kutuitikia tukibisha hodi. Jumamosi ya pili ya Oktoba kila mwaka ni Siku ya Hospisi na Tiba Shufaa Duniani, lakini huna haja ya kuisubiri. Pengine kuna nyumba unayoifikiria tangu ulipoanza kusoma makala haya. Omba wakuulizie kama wangependa utembelee, na wakikubali, nenda wiki hii.